Wajibu wa serikali kwa bahari, mikoko na misitu ya Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeletewa na wavuvi, wakata mikoko, akina mama wanaolinda mayai ya kasa, wazee wa mitaa na mara nyingine maafisa wa kaunti wenyewe. Majibu yanafuata sheria za Kenya, na mifano ni ya hapa kwetu. Kesi yako ikiwa nzito, tafuta wakili. Kwa barua, mkutano au maoni ya mpango, haya yanatosha kuanzia.

Kisheria, "bayoanuwai" ya Lamu ni kitu gani hasa?

Ni viumbe hai vyote, mahali vinapoishi na namna vinavyotegemeana. Kwa Lamu, anza na mikoko. Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027 unaipa Kenya takriban hekta 61,271, na kati ya hizo Lamu ina 37,350. Hiyo ni asilimia 61 ya mikoko yote ya nchi, katika kaunti moja ndogo. Kisha kuna Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka 1979, yenye matumbawe na majani ya baharini wanakolisha kasa na nguva. Bara kuna hifadhi ya Dodori, na jirani yake upande wa Garissa ile ya Boni, zote za mwaka 1976. Kusini tumepakana na delta ya Mto Tana, iliyoingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya dunia ya ardhioevu za mkataba wa Ramsar. Na pale Shela kuna vile vilima vya mchanga ambavyo mgeni huvipiga picha tu, kumbe chini yake ndipo yanapokaa maji matamu yanayonywewa mjini.

Sheria haikuviweka hivi kila kimoja kwenye boma lake. Kamba na samaki wengi hukulia kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kutoka kwenda mwambani, kwa hiyo afisa anayeidhinisha mikoko ikatwe ameamua pia juu ya madema ya mtu wa Faza au Kizingitini, hata kama hakuwahi kufika huko.

Ni nani mwenye wajibu: kaunti au Nairobi?

Wote wawili, na hapa ndipo watu wanapozungushwa sana. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya taifa ulinzi wa mazingira na maliasili, wakiwemo wanyamapori. Kaunti imepewa upangaji na maendeleo ya kaunti, uvuvi, na kutekeleza sera za kitaifa za uhifadhi, ikiwemo misitu na udongo na maji. Ukiambiwa kwenye ofisi ya kaunti kwamba "mambo ya mazingira ni ya NEMA" (mamlaka ya taifa ya mazingira), uliza kwa upole: na upangaji wa ardhi ni wa nani? Ukiambiwa na afisa wa taifa kwamba kaunti haihusiki na mradi wa kitaifa, mkumbushe kesi ya bandari, tutakayoieleza chini. Mahakama iliona ni kosa kuiacha kaunti nje.

Kwa ufupi: NEMA hutoa leseni za mazingira, Huduma ya Misitu husimamia mikoko, Shirika la Wanyamapori husimamia hifadhi ya bahari, Tume ya Taifa ya Ardhi husimamia ardhi ya umma, na kaunti hupanga. Gavana pia ana wajibu wa kuunda Kamati ya Mazingira ya Kaunti chini ya sheria ya mazingira ya 1999 kama ilivyorekebishwa 2015, na kamati hiyo ndiyo huandaa mpango wa utekelezaji wa mazingira wa kaunti. Uliza wanakamati wa kwenu ni akina nani. Humo wamo wawakilishi wa wakulima na wafugaji, wa wafanyabiashara, na wa mashirika ya kijamii.

Katiba yenyewe inasemaje?

Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ya 69 inaibebesha Serikali mzigo: kulinda bayoanuwai, kuweka mifumo ya tathmini na ukaguzi wa mazingira, kushirikisha umma, kuondoa shughuli zinazoweza kuhatarisha mazingira, na kufikisha miti angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi. Ya 70 ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu inasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kulinda mazingira halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Bibi wa Matondoni asiyemiliki hata ngarawa anaweza kuishtaki ofisi ya umma kwa ajili ya mkondo wa bahari. Na mahakama ina uwezo wa kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua, si kumkataza tu.

Mipango ya kaunti ni mingi. Tuhangaike na upi?

Huu wa matumizi ya ardhi. Tunalisema hili kila baraza na tutaendelea kulisema.

Watu wengi hujitokeza kwenye mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ule wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027, kwa sababu huko ndiko kunakotajwa barabara, zahanati na kisima cha mtaa wao. Ni sawa. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai pia mpango wa anga wa miaka kumi: ramani ya kaunti nzima inayosema hapa pajengwe, hapa palimwe, hapa wapite mifugo, hapa paachwe. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuwa nao, na wetu ni wa 2016 hadi 2026. Sheria hiyo hiyo inataka mpango uwe na tathmini ya kimkakati ya athari zake kwa mazingira, na inasema fedha za umma zisitengwe nje ya mfumo wa mipango.

Fikiria maana yake. Mkondo ukishaandikwa kwenye ramani kuwa eneo la mazalio ya samaki, kila idara itakayokuja baadaye na wazo la jeti (gati dogo), kiwanda au dampo italazimika kuueleza mstari huo. Usipoandikwa, utabaki wewe na mashua yako mkibishana na mchoro wa mhandisi. Wakati mwepesi zaidi wa kuokoa mahali ni pale ambapo hakuna aliyeahidiwa chochote juu yake. Beacon (alama za mipaka) zikishapandwa kuna mkandarasi, kuna mkopo, kuna vijana waliokwisha kuandikishwa kazi, na kila mmoja wao ana sababu ya haki ya kutaka mradi uendelee.

Kwa kuwa mpango wetu unafikia ukomo wake 2026, mpango unaofuata ndio mkutano wa kutokosa. Nendeni na vitu vya kuandikwa: majina ya mikondo, mafungu ya mchanga wanapotaga kasa, visima vya Shela, njia za Waawer (jamii inayoishi kwa msitu) kuingia msituni Boni kutafuta asali, malisho ya wafugaji. Afisa mipango aliyesomea kazi yake vizuri bado hajui kwamba kasa hupanda mchanga ule na si huu. Ninyi ndio mnaojua.

Tathmini ya mradi na tathmini ya kimkakati zinatofautianaje?

Tathmini ya athari za mradi inauliza: jeti hii, mahali hapa, itaharibu nini? Tathmini ya kimkakati inauliza swali lililotangulia: je, sera au programu nzima, yenye bandari, reli, bomba, barabara na mji mpya, inafaa mahali hapa, na vyote hivyo vikijumlishwa vitafanya nini? Marekebisho ya 2015 ya sheria ya mazingira yaliiweka hii ya pili wazi ndani ya sheria. Mpangilio ni muhimu: ya kimkakati itangulie. Ikifanywa baada ya gati kuanza kujengwa, inakuwa karatasi ya kuhalalisha kilichokwisha kutendeka.

Je, kaunti ikijenga yenyewe inahitaji leseni ya NEMA?

Ndiyo. Sheria haikuisamehe ofisi ya umma. Kinachoangaliwa ni aina ya mradi, awe anayeujenga ni tajiri, wizara au kaunti.

Mkutano mmoja chini ya mwembe unatosha kuitwa ushirikishaji wa umma?

Hautoshi, na jibu hili tunalo kwa hukumu iliyotoka kwetu.

Mwezi Septemba 2016 NEMA iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Wakazi, wakiongozwa na Save Lamu, muungano wa mashirika ya kijamii ya hapa, wakaenda Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni. Si kwamba hapakuwa na mikutano. Ilikuwapo. Lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya utafiti wa athari kukamilika, na baada ya utafiti watu hawakurudiwa kuelezwa ukweli uliopatikana ili watoe maoni wakijua. Jopo pia lilikosoa kutozingatiwa kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Kampuni ikaambiwa kwamba ikiutaka mradi, ianze tathmini upya kwa kufuata sheria. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni.

Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinaeleza kiwango cha chini wakati wa utafiti: mabango mahali pa wazi, tangazo la gazeti wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, na angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika. Wakishapokea ripoti, NEMA nao wana wajibu wao wa kuitangaza na kualika maoni.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao, uliza maswali mawili na uhakikishe yameandikwa kwenye kumbukumbu: utafiti umekamilika? na matokeo yake mabaya ni yapi? Msimamizi akijibu kuhusu ajira tu, hilo nalo liandikwe. Tena, msione aibu juu ya karatasi ya mahudhurio. Andika jina lako na ukitaka andika pembeni kwamba unapinga, maana saini ya kuhudhuria imewahi kusomwa na wengine kama saini ya kukubali.

Kesi ya bandari ilisema nini?

Wavuvi na wakazi walifungua kesi mwaka 2012 kuhusu bandari ya Lamu na mradi mzima wa LAPSSET, ile programu ya bandari, reli, bomba na barabara. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu, mbele ya majaji watano, iliamua kwamba haki zao zilivunjwa: haki ya mazingira safi, ya kupata habari, na ya utamaduni, kwa sababu uvuvi wa jadi hapa ni riziki na pia ni maisha ya watu yenyewe. Mahakama ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Hela hizo hazikufika kesho yake. Rufaa na mazungumzo yalikula miaka, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021 huku wavuvi bado wakidai. Tunalieleza hili bila kulipamba kwa sababu wapo wanaodhani ushindi wa mahakamani ni mwisho wa kazi. Kuchimbuliwa kwa mkondo hakufutwi na hundi. Mvuvi wa mashua ndogo aliyezoea maji ya ndani hawezi kuambiwa tu atoke bahari kuu wakati wa kusi. Ndiyo maana tunasisitiza mpango wa mapema kuliko fidia ya baadaye.

Hata hivyo hukumu ile imeacha kitu kikubwa kwa kila ofisi ya umma nchini: mradi wa kitaifa hauwi juu ya Katiba kwa kuwa ni wa kitaifa, na utamaduni wa watu wa pwani ni jambo la kupimwa kwenye tathmini pamoja na samaki na matumbawe.

Sisi ni wakata mikoko. Sheria hii inatufukuza?

Hapana. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, na Huduma ya Misitu ndiyo hutoa vibali vya kukata. Sheria ya Misitu ya 2016 inawaruhusu wanajamii kuunda chama cha msitu, kuandaa mpango wa usimamizi pamoja na Huduma hiyo na kupata haki za matumizi. Ukataji wa boriti, mazio na pau kwa zamu na kwa kupanda upya umeijenga Lamu, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ulioingia urithi wa dunia mwaka 2001, zimeshikiliwa na dari za boriti hizo.

Kinachouma, na tunawaelewa, ni kumwona mkataji mwenye msumeno mmoja akikamatwa kwa kibali kilichopitwa na siku huku mitambo ikifyeka mikoko mizima kwa ajili ya ujenzi. Sheria ni moja kwa wote wawili. Mipaka ya msitu wa umma haibadilishwi kwa barua ya wizara wala kwa kikao cha kaunti: inahitaji ombi Bungeni, na ombi hilo lisihatarishe viumbe adimu, vyanzo vya maji, bayoanuwai wala maeneo ya kitamaduni. Mkisikia kipande cha mikoko "kimetolewa", ombeni kuona uamuzi wa Bunge.

Mtu amezungushia ukuta ufuo na maji yakijaa hatuna pa kupita. Ana haki?

Ardhi yote kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ya umma kwa Ibara ya 62. Inashikiliwa na serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Hati ya kiwanja haiwezi kuteremka hadi huko. Juu ya mstari huo, ujenzi wowote unahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya 2019. Andikeni kwa tume, kwa idara ya mipango ya kaunti na kwa NEMA, barua moja yenye nakala tatu, mkiambatisha picha zilizopigwa maji yakiwa yamejaa na nyingine yakiwa yamekupwa.

Mikataba ya kimataifa inaifunga kaunti ya Lamu?

Kenya iliridhia Mkataba wa Bayoanuwai mwaka 1994, na kwa Ibara ya 2 ya Katiba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Mfumo wa Kunming-Montreal wa Desemba 2022 una malengo 23. La kwanza ni hili hili la kupanga maeneo yote kwa ushirikishi, na la tatu ni kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Kwa matumizi ya kila siku, taja Katiba na sheria za Kenya kwanza, mikataba iwe ya kuunga mkono. Afisa wa kaunti atajibu haraka zaidi akitajiwa sheria inayomgusa kazini kwake.

Angalizo moja: lengo lile la tatu linasema pia haki za watu wa asili na jamii za wenyeji ziheshimiwe. Asilimia 30 haimaanishi kumfungia Mbajuni bahari au kumtoa Muawer msituni.

Leseni imeshatolewa. Tumechelewa?

Angalieni tarehe. Rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira dhidi ya leseni ya NEMA ina siku 60. Siku hizo huisha haraka sana kwa watu wanaotegemea meli na boda kufika ofisini, kwa hiyo msisubiri kikao cha mwezi ujao. Katika rufaa ombeni pia amri ya kusimamisha kazi, kwa sababu msidhani kuwasilisha rufaa peke yake kutazima mitambo. Ikiwa hoja yenu ni ya haki za kikatiba, au siku 60 zimepita, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Malindi.

Tumeomba ripoti ya tathmini mara nyingi, tunaambiwa "njoo kesho". Tufanyeje?

Acheni kuomba kwa mdomo mlangoni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Huhitaji kueleza kwa nini unaitaka habari hiyo. Taja waraka kwa jina lake: ripoti ya tathmini, leseni na masharti yake, kumbukumbu za mikutano, ramani ya mpango. Peleka nakala mbili na urudi na moja iliyopigwa muhuri wa tarehe. Wakikaa kimya, malalamiko yanakwenda Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina uwezo wa kuamuru habari itolewe.

Je, barua lazima iwe ya Kiingereza?

Hapana. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na sheria ya habari inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mzee asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa ulemavu, anaruhusiwa kusema ombi lake, na ni wajibu wa afisa kuliandika na kumpa nakala.